Kuchagua Kioo cha Kuchorea

Mpwa wangu amemaliza masomo ya uchoraji. Amejikusanyia fedha kidogo kwa kuchora kadi za harusi na mabango ya maduka, na siku moja alinijia akiniomba nifuatane naye Kariakoo kununua kioo cha kompyuta. Mkononi alikuwa na kikaratasi alichoandika mambo matatu: inchi 27, mwangaza mkali, rangi bilioni moja. Nikamwambia anipe juma moja kwanza. Sikutaka kumharibia furaha yake. Nilitaka kumweleza habari ya uso mmoja nilioupoteza, maana hata mimi nilinunua kioo kwa kufuata orodha kama ile.

Naona si vibaya nikikusimulia na wewe msomaji, kwa sababu mengi ya yanayosemwa kusifia vioo hivi ni kweli, lakini ni ukweli usiomsaidia mchoraji.

Mwaka 2014 familia moja iliniomba niwachoree sura ya mama yao kwa ajili ya jalada la kijitabu cha misa ya kumbukumbu. Marehemu alikuwa ameacha picha moja tu iliyomwonyesha vizuri, nayo ni ile ndogo ya pasipoti, tena imechujuka. Nilichora kwa siku nne. Alikuwa mama mweusi wa kung'aa, na yeyote aliyewahi kuchora ngozi ya namna hiyo anajua kuwa ndani ya weusi ule mna hudhurungi, mna zambarau kwenye shavu lililo upande wa kivuli, mna wekundu kidogo kwenye ncha ya sikio. Yote niliyaweka. Kwenye kioo changu ungeweza kuhesabu makunyanzi ya chini ya macho yake. Niliridhika, nikapeleka kazi kwa mpiga chapa, vikachapwa vijitabu 300.

Maboksi yalifunguliwa siku moja kabla ya misa. Kitambaa cheupe cha kichwani kilionekana, hereni zilionekana, meno yalionekana. Katikati yake palikuwa na giza. Binti mkubwa wa marehemu, ambaye naye ni mtu mzima mwenye wajukuu, alishika kijitabu kimoja akakisogeza kwenye dirisha, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mama yuko wapi hapa?" Sikuwa na jibu. Muda wa kuchapa upya haukuwapo. Alinilipa fedha zote zilizobaki bila kupunguza hata senti, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Nilikwenda kwa mpiga chapa nikiwa nimefura. Fundi wao mkuu hakubishana nami. Alifungua faili langu kwenye kioo chake, kikuukuu na kilichofifia, na pale pale uso ukaonekana mweusi kama ulivyokuwa kwenye karatasi. Kisha akaniambia, "Kijana, karatasi haina taa ndani yake."

Maneno hayo ndiyo mwanzo wa uhakiki huu. Kioo changu kilikuwa kimewekwa kama kilivyotoka dukani, mwangaza umefikishwa mwisho. Vioo vingi huweza kutoa kandela 300 na zaidi kwa kila mita ya mraba, ilhali wanaochora kwa ajili ya karatasi huteremsha hadi kati ya 80 na 120. Kioo kikiwaka kupita kiasi, vivuli vyote huonekana viko wazi, na jicho la mchoraji huamini kwamba kazi imekwisha. Kumbe mwanga ule ni wa taa iliyo nyuma ya kioo, haumo katika mchoro. Ukichapwa, taa inabaki mezani na mchoro unakwenda peke yake.

Kuna hesabu ndogo inayofaa kujulikana. Kompyuta hugawa kila rangi ya msingi katika vidato 256, kuanzia 0 hadi 255. Mtu anaweza kudhani kwamba kidato cha 50 hutoa thuluthi moja ya mwanga wa kidato cha 150. Sivyo. Ngazi hii haikupangwa kwa vipimo sawa. Kidato cha 50 hutoa kama asilimia 3 tu ya mwanga wote wa kioo. Anga, shati jeupe na embe bivu hukaa vidato vya juu ambako mwanga ni tele. Nusu ya uso mweusi iliyo upande wa kivuli hukaa huku chini. Dirisha likiwa wazi nyuma yako saa nane mchana, mwako wake juu ya kioo unatosha kabisa kufunika asilimia 3 hiyo.

Sasa tazama vioo vinavyouzwa kwa kuonyeshwa nini. Ni kasuku, matunda yaliyokatwa, bahari na fataki. Vyote hivyo hukaa vidato vya juu, na kioo chochote kinachowaka kitavipendeza. Mteja huondoka akidhani amekijaribu kioo, kumbe amekijaribu mahali pale tu ambapo ni vigumu kioo kushindwa.

Jambo hili lina historia. Tangu miaka ya 1950 maabara za picha zilikuwa zikisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo, na watu weusi wakatoka kwenye picha wakiwa macho na meno. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameieleza habari hii kwa kirefu, na katika maelezo yake limo jambo la kusikitisha: miongoni mwa waliolalamika hadi filamu zikaboreshwa upande wa rangi za kahawia ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea katika miaka ya 1990. Sisemi kwamba watengenezaji wa vioo wana nia mbaya. Nasema kwamba kitu hutengenezwa vizuri pale kinapokaguliwa, na asiyekagua vivuli atauziwa kioo kisicho na vivuli.

Tukiwa na kipimo hicho mkononi, aina za vioo zinaweza kuhukumiwa bila maneno mengi. Zile monita za chogo za zamani zilikuwa nzito na zilikula meza nzima, lakini zilijua giza. Wachoraji wengi waliziacha kwa shingo upande. Vioo bapa vya aina ya TN ni rahisi kwa bei, ila ukiinamisha kichwa kidogo tu rangi zinageuka, sehemu ya juu ya mchoro ikawa na weusi mmoja na ya chini mwingine. Vingi kati yake vina vidato 64 tu vya kweli kwa kila rangi, vilivyobaki vinaigizwa kwa kupepesa. Kwa barua na hesabu vinafaa. Kwa uso wa mtu, havifai.

Aina ya VA ndiyo huleta ubishi. Hivi vina weusi mzito sana, uwiano wa 3000 kwa 1 au zaidi, na wapo wachoraji wenzangu wanaosema kwamba basi ndivyo vinavyofaa nyuso zetu. Siwaungi mkono. Uwiano ule ni umbali kati ya kidato cha juu kabisa na cha chini kabisa. Mchoraji anahitaji kuona vidato vilivyo katikati, na katika vioo vingi vya VA vidato vya chini humezana unapotazama moja kwa moja, kisha hujitokeza ukisogea pembeni. Kusifu ngazi kwa urefu wake huku vidato vya chini vimekatika ni kumtayarishia mpandaji anguko.

Aina ya IPS, iliyoletwa na Hitachi mwaka 1996, uwiano wake mara nyingi ni kama 1000 kwa 1. Weusi wake ni wa masizi kuliko wa usiku, na ukizima taa ya chumba utaona pembe zake zinang'aa ng'aa. Lakini kidato ulichokiweka kinabaki pale pale, uketi, usimame, au umwite mteja atazame akiwa begani kwako. Kwa sababu hiyo moja navichagua hivi. OLED ina weusi wa kweli, kwani kila nukta yake huweza kujizima yenyewe, lakini bei yake ni kubwa, na kioo kinachoonyesha visanduku vilevile vya programu ya kuchorea mwaka hadi mwaka kinaweza kubaki na alama yake. Mwenye fedha ya kubadilisha na anunue. Mpwa wangu si mmoja wao.

Nije kwenye rangi, ambako wauzaji huwa na ufasaha mkubwa. Kipimo cha kawaida kinaitwa sRGB. Kilipendekezwa na Hewlett-Packard na Microsoft mwaka 1996, kikakubaliwa na shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, mwaka 1999, nacho kilifuata uwezo wa monita za chogo za wakati ule. Adobe RGB, ya mwaka 1998, ni pana zaidi upande wa kijani na feruzi, na ni kweli kwamba wino wa feruzi wa mpiga chapa una rangi ambazo sRGB haizifikii. Kwa hiyo kioo kipana kina kazi yake. Lakini kioo kipana mikononi mwa mtu asiyejua kukisawazisha kinaweza kuudanganya wekundu. Wekundu wa kanga unawaka kama kaa la moto, mteja anaupenda, kisha kwenye karatasi unatoka damu ya mzee. Anayechorea simu na mitandao, na hao ndio wengi leo, anatoshwa na kioo kinachojaza sRGB yote. Anayenunua kipana ahakikishe kina kitufe cha kukirudisha kwenye sRGB.

Na hizo rangi bilioni moja? Ni vidato 1024 kwa kila rangi badala ya 256, ambavyo hutoa rangi milioni 16.7. Husaidia pale anga linapopauka taratibu bila kuacha michirizi. Ni jambo jema, lakini haliwezi kutangulia yale niliyokwisha kuyataja.

Ukubwa nao una mtego wake. Kioo cha inchi 24 chenye nukta 1920 kwa 1080 kina kama nukta 92 katika kila inchi. Nukta hizo hizo ukizitandaza kwenye inchi 27 zinakuwa 82 tu. Umelipa zaidi ukapata mstari mnene zaidi. Inchi 27 na ije na nukta 2560 kwa 1440, ambapo utapata 109 kwa inchi, la sivyo chukua ndogo.

Kinachobaki kiokolewe kwa kununua kolorimita, kidude kinachotundikwa juu ya kioo, kikasoma rangi na kuiambia kompyuta irekebishe wapi. Wachoraji watano wanaweza kuchangia kimoja, kwani kila mmoja anakihitaji mara moja kwa mwezi. Vilevile meza igeuzwe ili dirisha lisikipige kioo, na kioo kiachwe kipate moto nusu saa kabla ya kuhukumu rangi.

Juma lilipokwisha tulikwenda Kariakoo. Nilikuwa nimemtayarishia mpwa wangu flashi yenye vitu viwili. Cha kwanza ni mstari wa visanduku vya kijivu, kuanzia kidato cha 0 kwenda 5, 10, 15, hadi 50. Cha pili ni picha ya bibi yake, yaani mama yangu, ameketi barazani jioni. Picha hiyo hiyo tulikuwa nayo kwenye karatasi.

Muuzaji alituwashia kioo cha inchi 27, kasuku akajaa ukutani. Mpwa wangu akachomeka flashi. Visanduku vinne vya kwanza vilikuwa kimoja, na bibi akawa hana macho. Cha pili kilimwonyesha bibi alipokaa kijana, kikamficha aliposimama. Cha tatu kilikuwa cha IPS, inchi 24, kilichokwisha kutumika, na kando ya vile viwili kilionekana kama kimechoka. Tulishusha mwangaza, tukaweka karatasi pembeni. Mfereji unaotoka puani hadi kwenye pembe ya mdomo wa mama ulikuwapo, na kovu dogo la shavuni lilikuwapo.

"Mzee, hicho mbona kimefifia?" muuzaji aliniuliza kwa kunionea huruma.

Mpwa wangu alikuwa ameinama bado, anatazama. "Mjomba," akasema, "sikujua kama bibi ana kovu."

Tulilipia kile. Fedha iliyobaki ni mchango wake wa kwanza wa kolorimita. Mimi uso wa yule mama niliuchora upya mwaka ule ule bila kuombwa, nikampelekea binti yake, akautundika sebuleni. Lakini vile vijitabu 300 vilishagawiwa, na najua kwamba katika nyumba nyingi za ukoo ule, kumbukumbu pekee ya jamaa yao iliyo kwenye karatasi ni kitambaa cheupe, hereni mbili na giza.