Mfarishi wa Nguo za Shamba

Kazi ya mikono haihukumiwi kwa jicho peke yake. Mwaka 1942, huko Gee's Bend, Alabama, nchini Marekani, Missouri Pettway alizikata nguo za shamba za marehemu mumewe, akaziunga kuwa mfarishi wa kujifunika. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji hicho, wenyeji wake wakiwa wazao wa watumwa wa mashamba ya pamba, ilitundikwa katika majumba ya makumbusho ya Houston na New York. Wahakiki wakaisifu kwa kuifananisha na picha za wachoraji wa kisasa. Sifa hiyo ni pungufu. Rangi iliyopauka ni jua na jasho. Kiraka ni kumbukumbu ya jembe. Sanaa hii haikungojea ukuta ipate kuwa sanaa. Atazamaye umbo akaisahau kazi ameona kitambaa, hakumwona mtu.