Shupaza Kumi na Tatu

Kanuni za Spades ni chache hivi kwamba mtu anaweza kuelezwa zote akiwa bado amesimama mlangoni. Wachezaji ni wanne, wawili wawili, na wenza huketi mkabala. Kila mmoja hupewa karata 13, na shupaza ndiyo turufu siku zote. Kabla ya karata ya kwanza kutupwa, kila mtu hutaja atakula mara ngapi, na ahadi za wenza wawili hujumlishwa. Wakitimiza, hupata pointi 10 kwa kila mara waliyoahidi. Wakipungukiwa hata kwa moja, hupoteza hesabu hiyohiyo. Anayekula kupita ahadi yake huandikiwa pointi moja moja ya ziada, na ziada zikifika 10 hukatwa pointi 100. Wanaotangulia kufika 500 wameshinda. Mchezo huu ulizaliwa Marekani miaka ya 1930, ukasambazwa na askari wa Vita vya Pili vya Dunia, na leo unachezwa usiku na mchana na watu wasiojuana, kila mmoja akiwa na simu yake.

Msomaji aliyekulia karibu na meza ya wahedi wa sitini hatakuwa mgeni hapa. Kule nako aina iliyoanza hufuatwa, turufu hukata, na karata kubwa hula. Ila kule pointi zimebebwa na karata zenyewe: ree 11, saba 10, mfalme 4, ghulamu 3, malkia 2, jumla 120, na mwenye 61 hana wa kumfikia. Katika Spades karata hazina bei. Ree ya kopa na shupaza mbili, kila moja ikila mara moja, thamani yao ni ileile. Kilichopewa bei ni neno la mchezaji, alilolitoa wakati karata 39 kati ya 52 bado hajaziona. Kwa hiyo naona ufundi wa mchezo huu ni kukadiria kwa ukweli kile kisichoonekana, na kuendelea kusahihisha makadirio hayo kila karata inapoanguka. Tena naona kwamba mtandao, unaolaumiwa kwa kuua michezo ya barazani, umeuacha ufundi huu wazi kuliko meza ilivyowahi kuuacha.

Tuchukue mgao mmoja tuutazame kwa karibu. Una ree na mfalme wa kopa, basi kopa zimekwisha. Una malkia na tano za uru. Una pau tano: ghulamu, tisa, saba, nne na mbili. Shupaza ni nne: mfalme, tisa, sita na tatu. Anayeanza kujifunza huona karata kubwa tano na kutaja tano au sita. Fundi huhesabu kwa mtindo mwingine. Kopa mbili zitakula, maana zikichezwa mapema wapinzani bado watakuwa nazo za kufuata. Mfalme wa shupaza amezungukwa na karata tatu, kwa hiyo ree ya shupaza haitamkuta peke yake. Mhesabie mara moja. Malkia wa uru, kwa picha yake yote, hana kitu: ulinzi wake ni karata moja tu, ree itakula mzunguko wa kwanza na mfalme atamlaza katika wa pili. Ghulamu wa pau naye yuko nyuma ya wakubwa watatu. Ila zile kopa mbili, kwa kuwa ni mbili tu, zina faida ambayo haikuchorwa juu yake: zikishatoka, kopa ya tatu ikichezwa na mtu mwingine unaweza kuikata kwa shupaza sita au tatu. Ahadi ni nne, na ya nne imetoka kwenye kopa usizokuwa nazo. Mchezaji anayeelewa kwamba pengo mkononi mwake ni mali ameshavuka nusu ya safari.

Nusu ya pili ni kuhesabu, na hapa ndipo wengi huchoka. Hakuna njia ya mkato ya kukariri. Mikono ya karata 13 inayoweza kutoka katika karata 52 ni 635,013,559,600, kwa hiyo aliyekaa mezani maisha yake yote hategemei kuupata mkono uleule mara mbili. Kinachobaki ni kutumia hesabu ndogo kwa nidhamu. Rudi kwenye zile pau tano. Pau zimechezwa mizunguko miwili na wote wanne wamefuata: nane zimetoka, kwako zimebaki tatu, basi nje zimebaki mbili. Karata mbili haziwezi kugawanyika kwa watu watatu kila mmoja akapata, kwa hiyo ukianza na pau ya tatu, yupo angalau mtu mmoja asiye nayo. Ni nani? Kumbuka aliyeangusha mfalme wa pau mzunguko wa pili, chini ya ree. Mtu hamtoi mfalme wake aliwe kwa hiari. Alimtoa kwa sababu hakuwa na pau nyingine. Ikiwa huyo ni mwenza wako, cheza pau ndogo, akate. Ikiwa ni mpinzani wa kulia kwako, atakayecheza wa mwisho akiwa ameshaona karata zote, usiiguse pau kabisa. Hukuona karata ya mtu hata moja, na bado umejua ana nini na hana nini.

Juu ya hesabu hiyo kuna nyingine, ya meza nzima. Ahadi za wanne zikijumlishwa zikafika 11, kuna mara mbili zisizo na mwenyewe, na kazi ya pande zote ni kuzikwepa, maana zitaandikwa ziada. Zikifika 13 au kupita, kila alaye anakula kwenye sahani ya mwenzake, na mchezo hugeuka vita ya kuwavunjia wengine ahadi. Mkono uleule huchezwa kwa namna mbili tofauti kwa sababu ya jumla hiyo. Kuna pia ahadi ya sifuri, ambayo naiona kuwa sehemu nzuri kuliko zote: mchezaji anaahidi kutokula hata mara moja kwa pointi 100, na mwenza wake analazimika kumfunika, akila kwa karata kubwa pale ambapo karata ya wastani ya mwenzake ingeponzeka. Anayejua kumfunika mwenza hutambulika ndani ya mizunguko mitatu.

Pingamizi la kwanza ni la zamani kama karata: hii ni bahati, ufundi uko wapi? Jibu la haki halifuti bahati. Katika mchezo mmoja wa kufika 500, bahati ina mkono mrefu, na mwanafunzi wa jana anaweza kumlaza fundi. Lakini swali hili limewahi kupimwa. Mwaka 1857 jijini London, Henry Jones, mwandishi wa mchezo wa karata wa whist aliyejulikana kwa jina la Cavendish, alisimamia mchezo ambao karata zilezile zilichezwa mara mbili, mara moja wachezaji hodari wakiwa upande huu, mara ya pili upande ule. Bahati ilipolazimishwa kuwa sawa kwa wote, hodari walishinda. Mashindano ya bridge duniani huendeshwa kwa utaratibu huo hadi leo. Spades ni ndugu wa whist na bridge kwa damu: karata ni zilezile 52, watu ni wanne, na sheria ya kufuata aina ni ileile. Mtandao unamfikisha mchezaji wa kawaida kwenye ukweli huo kwa njia rahisi zaidi, nayo ni wingi. Mgao mmoja huisha kwa dakika chache, hakuna wa kuchanga wala kungoja, na baada ya migao mingi bahati ya huyu na ya yule husawazika. Aliyeahidi kupita uwezo wake hana tena wa kumsingizia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaolitoa ni watu wanaojua mchezo. Husema kwamba karata bila uso wa mtu si karata. Mezani unamwona mpinzani akihema, unaona mkono unaosita, unasikia karata ikipigwa chini kwa kishindo na maneno ya kumchokoza aliyeliwa. Sibishi kwamba kuna hasara. Kijiwe kina utamu wake, na simu haiwezi kuuleta. Lakini hasara hiyo ni ya ushirika, ufundi haukuguswa. Ushahidi uko kwa mabingwa wa bridge wenyewe, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakihangaika kuziondoa nyuso mezani. Mwaka 1965, kwenye mashindano ya dunia mjini Buenos Aires, ulizuka mgogoro mkubwa wa tuhuma kwamba wenza walikuwa wakipashana habari kwa jinsi walivyoshika karata kwa vidole. Kufikia 1975 mashindano hayo yalianza kuweka pazia la mbao linalokatiza meza, ili mtu asimwone mwenza wake. Ahadi nazo zilikoma kutamkwa kwa mdomo. Zikaonyeshwa kwa vikaratasi vilivyochapishwa, sauti isije ikabeba siri. Watu hao walitaka karata peke yake ndiyo iseme. Mchezaji wa mtandaoni amepewa bure kile walichokijengea pazia.

Sitadai kwamba pazia hili halina tundu. Wenza wawili wanaoweza kupigiana simu wakati mchezo unaendelea wanajua karata 26 badala ya 13, na hakuna programu inayosikia maongezi yao. Hili ndilo doa halisi la mchezo wa mtandaoni, na dawa yake ni kukubali kupangiwa mwenza usiyemjua. Hata muda huvujisha siri: anayechelewa kufuata uru ana uru zaidi ya moja na anachagua, na fundi hulisoma hilo. Mimi nalihesabu kuwa halali dhidi ya mpinzani, na aibu kwa anayelitumia kimakusudi kumwambia mwenza jambo.

Wapo pia wanaouliza ufundi una maana gani siku hizi, ilhali mashine hucheza vizuri kuliko mtu. Tazama mfuatano wa mambo. Katika sataranji, kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa Garry Kasparov mwaka 1997. Katika bridge, ndugu wa Spades, ilibidi kungoja hadi Machi 2022, mjini Paris, programu iitwayo NooK ilipowapita mabingwa wanane wa bridge, tena katika sehemu moja tu ya mchezo: hatua ya kuahidi iliachwa, na hapakuwa na mwenza wa kuelewana naye. Robo karne imepita kati ya matukio hayo mawili. Sataranji huweka kila kitu juu ya ubao. Karata huficha, na juu ya kuficha inamtaka mtu afanye kazi na mwingine ambaye naye haoni. Sehemu iliyoachwa nje kule Paris ndiyo hasa ambayo Spades huanza nayo.

Kuhusu kamari nitasema kwa ufupi. Spades huhesabiwa kwa pointi na haihitaji shilingi. Programu zinazouza sarafu za bandia ili mtu aruhusiwe kuketi mezani zinafanya biashara nyingine, na mtu hakosi kitu cha mchezo akizipita.

Lililo gumu kwangu ni msaada. Programu nyingi sasa humpendekezea mchezaji ahadi na kumwangazia karata ya kutupa, eti zinamfundisha. Linganisha na zamani: Windows Me ya mwaka 2000 na Windows XP ya 2001 zilikuja na mchezo ulioitwa Internet Spades, ambao uliwaketisha pamoja watu wa nchi tofauti. Hawakuweza kuandikiana walichotaka. Walichagua sentensi kutoka orodha iliyokwisha kutungwa, na kila mmoja akaisoma kwa lugha ya kompyuta yake. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 2019, na kwa Windows 7 Januari 2020. Ukali wake ulikuwa na faida: mwenza alikuwa na njia moja tu ya kukuambia jambo lenye maana, nayo ni karata aliyoichagua kutupa.

Pendekezo la programu linakuzibia njia hiyo, na mara nyingi halioni mbali. Chukua wenza wenye pointi 458. Tarakimu ya mwisho inasema wameshabeba ziada nane. Mwenza ameahidi tatu, na wewe mkononi una nne za uhakika. Woga unakushauri useme mbili: tano zatosha, maana 458 na 50 ni 508, mmeshinda. Lakini mkila saba badala ya tano, ziada zinafika 10, na 510 inashuka hadi 410. Ukisema nne na mkazitimiza, ni 528 na mchezo umekwisha. Na kama wapinzani wameahidi sita, jumla ya meza ni 13, hakuna hata mara moja iliyo huru, watakuvizia kila karata. Hapo huenda tatu ikawa ahadi bora kuliko nne, na ile moja ya ziada inabebeka, maana ya kumi bado haijafika.