Gita Linajibu Nini?

Mcharaza gita wa bluzi simpimi kwa kasi ya vidole. Wenye vidole vyepesi wamejaa tele. Kijana akijifungia chumbani na gita lake miaka miwili, atamwaga nota kama mtama uliotoboka gunia. Mimi nasubiri mwimbaji amalize mstari. Bluzi ya kawaida huzunguka vipimo 12: mstari unaimbwa, unarudiwa, kisha unakuja wa tatu wa kuufunga. Kila mstari huisha kabla ya nafasi yake kwisha, na kwenye upenyo huo gita ndipo linapopata zamu ya kusema. Mpigaji hafifu huujaza kwa kuwa ameukuta wazi. Aliye hodari hulijibu neno lililotamkwa: mara analiunga mkono, mara analibeza, mara ananyamaza kidogo kwanza, kama mtu aliyeambiwa habari nzito.

B.B. King alikiri mwenyewe kwamba hawezi kuimba na kupiga kwa pamoja, na nadhani kilema hicho ndicho kilichomfaa kuliko kipaji chochote. Ilimbidi asubiri. Chukua albamu yake ya Live at the Regal, iliyorekodiwa Chicago Novemba 1964 mbele ya watu wanaopiga mayowe, uhesabu nota anazojibu nazo. Mara nyingi ni chache, na pengine ni moja tu inayotetema hadi ikafifia. Mtetemo huo unatoka kwenye kiganja cha kushoto, kinachopepea kama bawa huku kidole kimoja kimeganda juu ya waya. Ukitaka kumwona akiwa kazini, yumo katika filamu ya Soul Power, kwenye lile tamasha la Kinshasa la Septemba 1974 lililotangulia pambano la Ali na Foreman.

Kisha tega sikio waya unapovutwa. Albert King alikuwa wa mashoto, akapiga na nyuzi zikiwa zimepinduka: nyembamba juu, nene chini. Kwa hiyo wakati wenzake wanausukuma waya mwembamba kwenda juu, yeye aliuvuta chini kuelekea sakafuni, kwa nguvu za mkono mzima. Sikiliza Born Under a Bad Sign ya 1967, lakini usingoje kujua nota inatua wapi. Utamu uko njiani. Kati ya nota mbili za kinanda kuna sauti isiyo na kitufe chake, na bluzi inaishi hapo. Mpigaji mbovu huiruka, naye Albert King hufika akakawia, mpaka unatamani umsukume.

Usimsahau anayepiga nyuma ya mwimbaji. Hubert Sumlin alimpigia Howlin' Wolf kwa vidole vitupu, na katika Killing Floor ya 1964 gita lake ni gumu kulitenga na wimbo wenyewe. Liondoe, uone kitakachobaki.

Kumpendekezea mtu mwanamuziki ni kazi nyingine, nami niliwahi kuivuruga. Rafiki yangu alitaka kuonja bluzi, nikampa moja kwa moja Robert Johnson, zile nyimbo 29 alizorekodi San Antonio na Dallas mwaka 1936 na 1937. Kwangu mimi hicho ni kisima kisichokauka. Yeye alinirudishia siku ya pili: "Ndugu yangu, mimi nimesikia mihogo ikikaangwa." Alikuwa hajasikia gita kabisa, alisikia mikwaruzo ya santuri.

Nilipaswa kuanzia kwenye masikio yake. Alikulia kwenye nyumba ambamo nyimbo za Jean-Bosco Mwenda zilipigwa sana, yule wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili na ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi wimbo wake wa Masanga huko Likasi mwaka 1952: kidole gumba kinatembeza besi bila kuchoka, cha shahada kinaimba juu yake. Basi safari ya pili nikampa Mississippi John Hurt. Huyu alirekodi mwaka 1928, akasahaulika akilima kwao Avalon, hadi alipotafutwa na kupatikana mwaka 1963, akarekodi tena kwa mitambo safi. Nilimpa hizo za uzeeni. Gumba likaanza mwendo wake, rafiki yangu akainamisha kichwa, wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaingia.

"Huyu mzee," akauliza, "ni wa Likasi?"