Neno "-eusi" na Mavazi ya Pwani

Imekuwa desturi katika masomo na hotuba zetu kusema ya kwamba rangi nyeusi ni rangi ya msiba. Naomba ruhusa ya kulipinga neno hilo, kwa maana kwa sehemu kubwa tumelipokea kutoka Ulaya, ambako Malkia Victoria alivaa nyeusi tangu alipofiwa na mumewe mwaka 1861 hata alipokufa mwaka 1901. Kwetu pwani sanda ya maiti ni nyeupe. Wala sijasikia mtu aliyeiona kanzu nyeusi ya padre akadhani amefiwa.

Tuitazame lugha kwanza. Kiswahili kina sifa tatu tu za rangi zilizo za asili: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine zimeazimwa kwa vitu, kama kijani kwa majani na kahawia kwa kahawa, ama zimetoka ugenini, kama buluu. Basi -eusi ilibeba mzigo mpana. Kaniki ilitiwa nili, na mgeni akiitazama ataiita buluu iliyokoza. Wenyewe waliiita nyeusi, wala hawakukosea.

Kaniki hiyo, huko Unguja katika karne ya 19, ndiyo iliyokuwa nguo ya wanawake watumwa. Mara nyingi ilikuwa merikani tu, nguo ya bei ndogo, iliyotiwa rangi. Walakini mganga naye aliiweka kaniki pamoja na nguo nyeupe na nyekundu, akaiheshimu. Unyonge basi haukuwa katika rangi. Ulikuwa katika kukosa hiari ya kuvaa nyingine.

Hapo ndipo ninapowalaumu waandishi wanaolitaja buibui kuwa vazi la tangu kale. Kule Lamu mwanamke wa daraja ya juu alitembea ndani ya shiraa, mfano wa hema, na watumwa ndio walioshika miti yake. Mtumwa hakuwa na ruhusa ya kujisitiri kama bibi yake. Sheria ya utumwa ilivunjwa Unguja mwaka 1897, na buibui likaenea mwanzoni mwa karne ya 20. Lilivaliwa na mwanamke mwenyewe, kwa kamba yake kichwani, bila kushikiwa na mtu. Wajukuu wa watumwa na wajukuu wa mabwana wakapita njia moja wamevaa nyeusi moja, wala mpita njia hakuweza kuwapambanua upesi. Anayeliona buibui kuwa alama ya dini peke yake ameisoma nusu ya habari. Siku hizi abaya za Ghuba, zenye nakshi, zimeshika sehemu kubwa ya nafasi yake. Kwa hizo nyeusi huonyesha hata uwezo wa mfuko.

Nilipokuwa kijana, shule moja iliwavika wasichana kaniki katika mchezo, ili waonekane waombolezaji. Bibi yangu mzaa mama, ambaye mama yake alizaliwa utumwani, aliinuka akatoka kabla mchezo haujaisha. Njiani nilimwuliza kama nyeusi ya buibui lake si ile ile. Akalivuta buibui mabegani, akasema, "Mjukuu wangu, hili nimelinunua mwenyewe."