Kovu, Tumbo na Taya

Papa mdogo wa kina kirefu aitwaye kitaalamu Isistius brasiliensis, asiyefikia sentimita 60, alipewa jina la kisayansi mwaka 1824, lakini namna anavyokula ilibaki fumbo kwa karibu karne moja na nusu. Kilichoonekana ni walioumwa: nyangumi, pomboo na jodari waliovuliwa wakiwa na mashimo ya mviringo mwilini, na lawama zikaangukia vimelea na bakteria. Mwaka 1971 mtafiti Everet Jones aliyalinganisha mashimo hayo na taya za papa huyu, vikaoana. Midomo yake hufyonza na kung'ang'ania, meno makubwa ya chini yaliyoungana huzama kama msumeno, kisha mwili hujizungusha na kung'oa kipande cha nyama. Mwenye nyama huenda zake akiwa hai. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu mlaji wa namna hii haachi mzoga wa kuchunguzwa. Anaacha kovu, na kovu ni shahidi anayesema nusu ya jambo.

Nusu hiyo ilipotosha kwa muda mrefu. Kovu huhesabiwa kwa aliyenusurika, tena aliye mkubwa kiasi cha kubeba jeraha. Ngisi mdogo aliyemezwa mzima hana alama ya kumwonyesha mtu. Katika miaka ya 1970 papa hawa waliuma hata mipira iliyofunika vifaa vya kusikilizia sauti kwenye nyambizi za Marekani, na hakuna atakayedai kuwa mpira ni chakula chao. Alama ya meno inathibitisha shambulio. Mlo ni habari nyingine. Ndiyo maana utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliopima kemia ya tishu za papa wa Pasifiki ya kati pamoja na vinasaba vya mabaki tumboni, ulibadilisha picha: sehemu kubwa ya lishe yao ni viumbe wadogo wa kina, na wale wakubwa wa juu waliobeba makovu mashuhuri ni sehemu ndogo tu.

Kwa msomaji wa Namanyere, wilayani Nkasi, mfano ulio karibu uko chini ya miinuko, kwenye mwambao wa Kipili na Kirando. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, ila oksijeni humalizika ndani ya mita mia mbili hivi za juu, kwa hiyo vilindi vyake havina samaki, achilia mbali papa. Kwenye miamba ya kando, hata hivyo, anaishi Perissodus microlepis, wa jamii moja na sato na perege, ambaye akishakua huishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wenzake walio hai. Mdomo wake umepinda upande. Mtafiti wa Kijapani Michio Hori alionyesha mwaka 1993 kwamba mwenye mdomo uliopinda kulia hushambulia kutoka nyuma kwenye ubavu wa kushoto wa windo, na aliyepinda kushoto hushambulia ubavu wa kulia. Alidai pia kuwa makundi hayo mawili hupokezana wingi kadiri miaka inavyopita, kwani windo huzidi kulinda ubavu unaoshambuliwa na walio wengi, na walio wachache wakafaidi.

Ubora wa kazi ya aina hii ni kwamba ushahidi unasomwa pande tatu. Taya husema mlaji anaweza nini. Ubavu wa windo husema nani alishambuliwa na wapi. Tumbo husema nini kilimezwa, na umbo la gamba lenyewe huonyesha limetoka ubavu upi. Yupo atakayepinga kwamba samaki wa ziwani na papa wa baharini hawana undugu. Kweli, lakini kinachofanana ni tatizo: kuiba kidogo kwa mwenye nguvu na kukimbia. Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa Kusche, Lee na Meyer mwaka 2012, waliopima midomo na kukuta upindaji unaoendelea taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, wengi wakiwa katikati, si makundi mawili yaliyotengana. Naliona lina nguvu, nalo linaiathiri hesabu ya Hori ya wingi wa kulia na kushoto, pamoja na wazo lake kwamba jeni moja linatosha kueleza yote. Haligusi magamba yaliyokutwa tumboni.

Ukikichukua kipimo hicho cha pande tatu hadi kwenye nyavu za Nkasi, kinafanya kazi kwa ukali. Samaki aliyepandishwa mtumbwini akiwa amepungukiwa magamba ubavuni anaweza kuwa ameliwa, lakini wavu nao huchubua magamba, na mkono wa anayemtoa wavuni vilevile. Kumtazama aliyechubuka hakuwatenganishi watuhumiwa hao watatu. Anayetaka kujua ni samaki wangapi wanaoliwa magamba pale Kipili ampasue mwenye mdomo uliopinda, atoe magamba yaliyopangana tumboni, kisha arudi kuyalinganisha na mbavu.