Wastani, Masafa na Saa Tisa: Lugha ya Takwimu katika Dodoso la Wanafunzi

Hivi karibuni tuliletewa rasimu ya mwongozo mfupi unaokusudiwa kuwafundisha walimu namna ya kuchambua majibu ya wanafunzi kwa kutumia lahajedwali la kompyuta. Mifano yake yote imewekwa katika mazingira ya Bariadi na wilaya nyingine za Mkoa wa Simiyu, yaani mkoa ule ulioundwa mwaka 2012 kwa kumegwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, na Busega kutoka Mwanza. Tulitakiwa kusahihisha lugha tu. Hata hivyo, hatukufika mbali kabla ya kutambua kwamba lugha ile haisahihishiki bila kugusa hesabu, kwa kuwa makosa ya hesabu yalikuwa yamezaliwa na lugha yenyewe. Mtungaji hatumtaji, wala rasimu hatuitaji jina. Tarakimu zitakazotumika hapa ni za kubuni, zimewekwa ili hoja ionekane.

Tuanze na haki yake. Mtungaji amechagua neno *dodoso* badala ya *hojaji*, nasi twamuunga mkono. Kudodosa ni kuuliza kidogo kidogo kwa upole. Kuhoji kunamkumbusha mtoto kituo cha polisi. Ametumia *lahajedwali*, *safuwima*, *safumlalo* na *seli* bila kigugumizi. Wapo wanaolalamika kwamba *seli* ni neno la wanabiolojia. Malalamiko hayo hayana uzito. Mwalimu anayejaza majibu ya wanafunzi katika jedwali hawezi kudhani ameambiwa aandike ndani ya seli ya jani la mpamba. Neno moja laweza kutumikia fani mbili endapo fani hizo hazikutani.

Taabu huanza zinapokutana. Idadi ya mara ambazo jibu fulani limetokea, rasimu inaiita *masafa*. Tunafahamu neno hili limetoka wapi: mafundi wa redio na walimu wa fizikia wanalo, na kwao halina kasoro. Lakini kwa msemaji wa kawaida masafa ni umbali. Swali la tatu la dodoso linauliza mwanafunzi anatembea kilometa ngapi kufika shuleni, na jedwali linalofuata limepewa kichwa "Masafa ya Umbali". Mjumbe wa bodi ya shule atakayelisoma ataelewa nini? Akikuta katika safuwima ya pili tarakimu 14, atasema wapo watoto wanaotembea kilometa 14, ilhali maana yake ni kwamba watoto 14 wametoa jibu moja. Tunapendekeza *idadi ya marudio*, au *marudio* kwa ufupi. Si neno la fahari, lakini halidanganyi.

Sasa tuje kwenye *wastani*, na hapa tunaomba msomaji atuvumilie.

Asili ya neno hili katika Kiarabu ni katikati. Katika usemi wa kila siku limehifadhi maana hiyo: mtu wa kimo cha wastani si mrefu wala si mfupi. Shuleni limepewa maana nyingine iliyo finyu: jumla ya namba igawanywe kwa idadi yake. Si ajabu neno kuhama. *Takwimu* yenyewe katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ni kalenda, na leo hakuna anayekwenda Ofisi ya Taifa ya Takwimu kuuliza tarehe. Tofauti ni kwamba takwimu imehama na kuiacha nyumba ya zamani, ilhali wastani unaishi katika nyumba mbili kwa wakati mmoja.

Chukua kaya tisa ambazo watoto wao wameulizwa nyumbani kuna ng'ombe wangapi. Majibu ni 0, 0, 2, 4, 5, 6, 8, 15 na 410. Anayeijua nchi ile, hasa upande wa Meatu na Itilima, hatashangazwa na kaya ya mwisho. Jumla ni 450, na wastani wa shuleni ni ng'ombe 50. Namba iliyo katikati hasa, kaya zikipangwa kwa safu, ni 5. Jibu lililojitokeza mara nyingi kuliko mengine ni 0. Rasimu inatoa ile 50 na kuandika: "Mzazi wa wastani ana ng'ombe 50." Sentensi inayofuata inashauri kwamba wazazi wanao uwezo wa kuchangia chakula cha mchana cha wanafunzi.

Mzazi huyo hayupo. Kaya nane kati ya tisa haziufikii hata mfano wake. Kosa si la kompyuta, kwani imegawanya sawasawa. Kosa limefanyika pale maana ya shuleni ilipovishwa nguo ya usemi wa kila siku, na hesabu ya kugawanya ikageuka kuwa mtu anayeweza kudaiwa debe la mahindi. Pendekezo letu ni kwamba *wastani* ubaki kwa hesabu ya kugawanya pekee, na usiwe sifa ya mtu. Ile 5 iitwe *namba ya kati*, na ile 0 iitwe *modi*, neno ambalo walimu wameshalizoea. Wanaotaka *mediani* tusiwazuie, ila katika taarifa inayokwenda kwa wazazi *namba ya kati* inajieleza bila mkalimani.

Kuna jambo jingine katika swali hilohilo ambalo mtungaji hakuliona. Mtoto wa Kitanzania asiye na ng'ombe nyumbani aghalabu haandiki sifuri; anaandika "hakuna". Karani akilinakili neno hilo kama lilivyo katika seli, programu huliruka wakati wa kutafuta wastani. Kaya mbili zisizo na kitu zinafutika, 450 inagawanywa kwa 7, na wastani unapanda hadi kupita 64. Kadiri maskini walivyojieleza kwa Kiswahili fasaha, ndivyo kijiji kinavyotajirika kwenye karatasi. Kinyume chake, karani mwenye bidii anayejaza 0 katika kila seli tupu huwahesabu waliokataa kujibu kuwa ni wasio na kitu. Mwongozo hauna budi kutenganisha *sifuri* na *seli tupu*, na kusema wazi kwamba *hakuna* ni sifuri.

Tumeliweka mwisho lile lililotufanya tuchelewe kuirudisha rasimu. Wanafunzi waliulizwa wanaondoka nyumbani saa ngapi. Wanne wakajibu: saa 11, saa 12, saa 12 na saa 1. Kila mmoja wetu anajua kwamba hizo ni saa za alfajiri na asubuhi. Kompyuta haijui. Inajumlisha 36, inagawanya kwa 4, inapata 9. Rasimu ikaandika kwamba wanafunzi huondoka nyumbani kwa wastani saa 9. Ikiwa ni ya alasiri, masomo yamekwisha. Ikiwa ni ya usiku, njiani kuna fisi. Jibu la kweli ni saa 12, na hupatikana kwa kuihesabu saa 1 ya asubuhi kuwa ya 13, au kwa kuandika saa zote kwa mtindo wa ratiba za ndege kabla ya kuziingiza katika jedwali.

Baadhi ya wenzetu ofisini waliona kwamba hilo si suala la istilahi. Sisi twaona ndilo hasa. Saa yetu huanza kuhesabiwa mchana unapoingia, na anayefasiri mwongozo wa kompyuta bila kulisema hilo amefasiri maneno akaacha siku nzima nje. Mwalimu wa shule ya kata alisoma takwimu kwa Kiingereza sekondarini, anaziandika kwa Kiswahili kwa ajili ya bodi, na kati ya hapo hana mtu wa kumwonya. Kutokana na jedwali hilo bodi itaamua kama mabweni ya wasichana yanahitajika au la.

Kuhusu *mkengeuko sanifu* tumeandika neno moja tu pembeni. Msomaji wa ofisi zetu anajua kitu sanifu ni kile kilichopitishwa, na atauliza ni nani aliyeupitisha mkengeuko huo. Hatujapata neno linaloturidhisha. *Mtawanyiko* linaeleweka, lakini ni pana mno. Wasomaji walio walimu wa hisabati watuletee wanayoyatumia darasani.