Bastola Yenye Fundo

Wengi wetu tuliiona kabla ya kujua ni kazi ya nani: bastola kubwa ya shaba, mtutu wake umefungwa fundo kama kamba ya mbuzi, mdomo wake umeelekea juu. Picha yake imechapishwa kwenye fulana, mabango na vitabu vya semina za amani. Aliyeibuni ni Mswidi, Carl Fredrik Reuterswärd, aliyezaliwa Stockholm mwaka 1934 na kufariki mwaka 2016. Tunaandika juu yake kwa sababu sanamu hiyo imekuwa kama mahubiri, na mahubiri, yawe ya mdomo au ya shaba, tumeagizwa kuyapima.

Reuterswärd hakuanza kama mhubiri hata kidogo. Akiwa kijana alikwenda Paris kujifunza kwa mchoraji Fernand Léger. Baadaye akajulikana kwao kama mshairi, mchoraji na mtu wa utani, aliyependa kuwachezea wakubwa wa sanaa. Alijaribu hata mwanga wa leza wakati ambapo wasanii wachache walikuwa wameugusa. Nyingi ya kazi hizo ni za kuchekesha, na tunakiri kwamba baadhi yake hazitugusi. Ni mzaha wa watu waliokwisha kujuana.

Kisha ikaja tarehe 8 Desemba 1980. Mwanamuziki John Lennon alipigwa risasi nje ya nyumba yake, New York. Reuterswärd alishikwa na huzuni na hasira, na katika hali hiyo mtu wa utani akatengeneza kitu ambacho hata mtoto wa shule ya Jumapili anakielewa. Akakiita Non-Violence, yaani kutotumia nguvu. Mwaka 1988 nchi ya Luxembourg iliuzawadia Umoja wa Mataifa sanamu hiyo, nayo imesimama kwenye makao makuu ya Umoja huo, katika mji uleule alimouawa Lennon. Nyingine ziko Malmö, Stockholm, Lausanne, Berlin na Cape Town.

Tuitazame kwa makini. Bastola haikuvunjwa. Kila kiungo kipo: mpini, kifyatulio, mahali pa risasi. Kilichobadilika ni mtutu tu. Anayejua bunduki atakuambia kwamba silaha iliyozibwa mtutu, ikifyatuliwa, humpasukia mwenye kuishika. Hapo sanamu inakaribia sana onyo ambalo Bwana alimpa Petro kule Gethsemane, usiku ule wa upanga na sikio. Hatujui kama msanii alilifikiria hilo. Shaba imelisema hata hivyo.

Katika makao hayohayo ya New York kuna sanamu nyingine, ya Yevgeny Vuchetich, iliyotolewa na Umoja wa Kisovieti mwaka 1959. Ni mtu mwenye misuli anayegonga upanga kwa nyundo ili uwe jembe. Serikali isiyomkiri Mungu ilikwenda kuazima picha yake kwa nabii Isaya! Ukizilinganisha mbili hizo, ya Vuchetich ina tumaini kubwa zaidi, kwa sababu upanga unageuka kuwa kitu cha kulisha watu. Ya Reuterswärd haiahidi mavuno. Inasema tu: leo haitapiga.

Kwa muda tulidhani huo ni upungufu. Lakini tukakumbuka kwamba Biblia ileile yenye Isaya na Mika ina pia Yoeli, ambaye katika sura ya tatu anageuza maneno na kuyaita majembe yarudi kuwa panga. Chuma hakina msimamo. Na fundo, tofauti na jembe, halijifanyi kuwa limemaliza kazi. Kila mtu anajua kwamba fundo hufunguliwa. Katika hilo tunamwona Mswidi kuwa mkweli kuliko Vuchetich.

Lawama yetu iko kwingine. Katika sanamu hii hakuna mtu. Hakuna aliyeuawa, hakuna mjane, hakuna hata mkono uliofunga fundo. Ndiyo maana inapendwa na wote bila kumgharimu yeyote. Nchi tano zenye viti vya kudumu katika Baraza la Usalama ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa silaha duniani, na Uswidi kwao msanii nako silaha hutengenezwa na kuuzwa nje. Baadaye nakala za sanamu zilipakwa rangi na watu mashuhuri, akiwemo Ringo Starr, mwenzake Lennon. Nia yao ilikuwa njema, lakini kadiri inavyopambwa ndivyo inavyozidi kuwa pambo.

Hapo tunakumbuka jambo lililofanyika Msumbiji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1992, nchi ilibaki imejaa bunduki. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, likiongozwa katika kazi hii na Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianza kuwaomba watu walete silaha wapewe majembe, baiskeli na cherehani. Silaha zikakatwakatwa, na vipande vingine wakapewa wasanii. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato, anayeitwa Kester, aliunda kiti cha enzi mwaka 2001, ambacho sasa kiko British Museum, London. Kila kipande cha kiti hicho kilikuwa silaha kweli. Bastola ya Reuterswärd haijawahi kuwa bastola; ilisubiwa kuwa sanamu tangu siku ya kwanza. Tofauti hiyo ni kubwa, kama ilivyo tofauti kati ya kuimba juu ya toba na kutubu.

Hata hivyo hatuwezi kumwacha msanii bila kutaja mwaka 1989. Alipata kiharusi kilichopooza upande wake wa kulia, akapoteza mkono aliokuwa akichorea. Akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, akiwa na miaka hamsini na mitano. Aliyewafahamisha watu wote kwa mtutu uliofungwa, sasa mkono wake mwenyewe ulikuwa umefungwa, naye akaendelea kufanya kazi kwa miaka mingi. Kwetu sisi, ujasiri huo una uzito kuliko nakala zote za shaba, ingawa haukuchapishwa kwenye fulana yoyote.

Kama tungeulizwa, kiti cha Kester tungekitaka ndani ya kanisa, karibu na meza ya Bwana. Bastola yenye fundo tungeiacha palepale New York. Ila imewekwa kwenye uwanja wanaopita wageni, watu waliokuja na kamera zao. Tungeomba isogezwe hadi mlango wanaoingilia mabalozi.